Birika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno hili na chombo chenyewe

Birika ni la chai au la kuogea?

Yote mawili. Mombasa ukimwambia mtu "hebu jaza birika", huangalia kwanza mmesimama wapi. Mkiwa jikoni atachukua chombo cha bati chenye mkono na mdomo. Mkiwa mlangoni mwa choo atafungua mfereji ulio juu ya hodhi la saruji lililojengewa ukutani. Vitenzi ndivyo vinavyotenganisha: birika la chai hutelekwa, huchemka, humiminwa, birika la chooni hutiwa maji, huchotwa kwa kata, husuguliwa.

Ukurasa huu unazungumzia zaidi hilo la chooni. Choo kwa matumizi ya Pwani ni chumba kizima cha kujisafishia, pamoja na mahali pa kuogea. Birika lake ni sanduku la mawe au saruji pembeni mwa chumba, ukingo wake usawa wa kiuno, kizibo chini, mfereji juu na kata imening'inizwa karibu. Mfereji nao kwa mtu wa Mombasa ni ule wa kufungua na kufunga kwa mkono, ambao kwingine huitwa bomba. Mgeni akisikia "funga mfereji" asitafute mtaro nje.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Limetoka kwenye maneno mawili ya Kiarabu yaliyokutana Kiswahilini na kuvaa sura moja. Wengi hudhani ni neno moja lililopanuka maana, eti kwa kuwa vyombo vyote viwili huwekwa maji. Sivyo.

La chooni ni *birka*: dimbwi, ziwa dogo, hodhi la maji yaliyotulia. Neno hilo limesafiri mbali. Wahispania walilichukua pamoja na kiambishi chake cha Kiarabu, al-birka, likawa *alberca*, na mpaka leo huko Meksiko ukisema alberca watu huelewa bwawa la kuogelea. Kiebrania, ndugu wa Kiarabu, nacho kina *berekha* kwa maana hiyohiyo.

La chai ni *ibriq*: chombo chenye mdomo cha kumiminia maji. Hili Kiarabu chenyewe kiliazima Kiajemi, ambako *ab* ni maji na *riz* ni kumimina. Ni neno kongwe. Wingi wake, *abariq*, umo katika Qur'ani, sura ya 56, Al-Waqi'a, aya ya 18.

Sasa yatamke kwa ulimi wa Mswahili. Konsonanti mbili kama *r* na *k* zikibanana, Kiswahili huingiza vokali kati yake: *waqt* ikawa wakati, *rizq* ikawa riziki. Kwa hiyo *birka* ikafunguka, bi-ri-ka. *Ibriq* nayo ikaangusha *i* ya mwanzo, *b* na *r* zikaachanishwa, mwisho ukapewa vokali, ikaangukia palepale: bi-ri-ka. Kamusi nyingi huyaweka yote mawili chini ya kidahizo kimoja, na hapo ndipo msomaji anapodhani asili ni moja. Tungependa kuona vidahizo viwili, kama inavyofanywa kwa *paa* wa porini na *paa* la nyumba.

Je, birika na baraka ni ndugu?

Birika la maji, ndiyo. La chai, hapana. *Birka* na *baraka* zote zina mzizi b-r-k. Kwa Kiarabu kitenzi cha mzizi huo husemwa ngamia anapopiga magoti akatulia, na wanakamusi wa Kiarabu walieleza kwamba birka imeitwa hivyo kwa sababu maji hukaa humo yakatulia. Anayesema "birika likijaa, nyumba ina baraka" anacheza na maneno, lakini hajakosea nasaba.

Tuseme "birika la" au "birika ya"?

Kiswahili sanifu kimeliweka katika ngeli ya LI-YA: birika hili, mabirika haya, birika la maji, mabirika yamejaa. Mombasa mitaani utasikia pia "birika ya maji", na matumizi hayo si ya ovyo: Biblia ya Kiswahili ya *Union Version* inasema "birika ya Siloamu". Kwenye mtihani na katika maandishi rasmi shika *la*. Nyumbani usimsahihishe bibi yako.

Mahali husemwa *birikani*: "kata imezama birikani". Dogo lake ni *kibirika*, na mara nyingi hutajwa kwa lile la chai.

Kuna tofauti gani kati ya birika, hodhi, jabia, tangi, pipa na karo?

*Hodhi*, kutoka Kiarabu *hawdh*, ni neno pana zaidi. Kila birika la chooni ni hodhi, lakini hodhi laweza kuwa la kunyweshea ng'ombe. *Jabia*, Kiarabu *jabiya*, ni kubwa, aghalabu la kukusanyia maji mengi, la msikiti au la mvua. *Tangi* ni la Kiingereza, na siku hizi ni lile jeusi la plastiki juu ya dari. *Pipa* tuliachiwa na Wareno, sawa na *bomba*. Kwao bomba ni pampu. *Karo* ni pa kuoshea vyombo na kumwagia maji machafu, wala si pa kuhifadhi.

Kamusi zikitafsiri lile beseni refu la kulala ndani ya maji, nazo huandika "birika la kuogea". Hapo mgeni hupotoka, kwa sababu birika la Pwani haliingiwi.

Kwa nini haliingiwi?

Kwa sababu ni akiba ya nyumba nzima. Unasimama nje, unachota, unajimwagia, maji machafu yanakwenda zake kwenye mtaro. Mtu mmoja akitumbukiza mkono wenye sabuni, maji ya watu sita yameharibika.

Kuna na sababu ya kisharia, nayo imeathiri hata vipimo vya ujenzi. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, huweka kiwango kiitwacho qulla mbili. Kiwango hicho hupimwa kama mchemraba wa dhiraa moja na robo kila upande, yaani takriban sentimita 60. Wengi huhesabu lita 216. Maji yaliyo chini ya hapo yakiingiwa na najisi yamenajisika, hata kama hayakubadilika. Yakifika hapo na kupita, hayanajisiki mpaka yageuke rangi, ladha au harufu. Ndiyo maana fundi wa zamani hakujenga birika la lita 100: halikumpa mwenye nyumba utulivu wa moyo. Na ndiyo maana ya kata. Ukichota na kumimina, maji yanayotiririka mwilini hayarudi kwenye akiba.

Angalia jambo moja: birika la lita 700 likishuka hadi robo limeingia chini ya qulla mbili. Hapo uangalifu unaongezeka.

Nijenge ukubwa gani?

Anza na siku ambazo maji huwa hayaji mtaani kwenu. Mombasa maji ya mfereji hutolewa kwa zamu sehemu nyingi, na akiba ya siku tatu ni makadirio ya busara. Mtu mmoja akioga kwa kata hutumia lita 15 hadi 20. Ongeza lita 15 za chooni. Watu sita, chukua lita 210 kwa siku. Siku tatu ni 630.

Vipimo vya ndani vinavyotosha: urefu sentimita 120, upana 80, kina 75. Zidisha, gawa kwa 1,000, unapata lita 720. Kwa muuza maji wa mkokoteni hiyo ni mitungi 36 ya lita 20.

Kina kisizidi 75. Mkono wa mtu mzima na kata hauwezi kufika chini zaidi bila kuinama kifua juu ya ukingo, na mtoto akijaribu atatumbukia. Sakafu ya birika iwe juu ya sakafu ya chumba kwa sentimita 15, ili maji ya kusafishia yatoke yenyewe kupitia kizibo. Ukingo hapo utakuwa sentimita 90. Sakafu hiyo iteremke kidogo kuelekea kizibo, kama sentimita moja na nusu kwa mita. Tundu la kumwagikia likae sentimita 5 chini ya ukingo, na mfereji ukae juu ya tundu hilo, usizamishwe. Mfereji uliozama birikani, presha ikikatika, huweza kuvuta maji ya birika kuyarudisha kwenye bomba.

Ghorofani ni habari nyingine. Lita 720 ni kilo 720, kabla hujahesabu kuta. Nyumba za Mji wa Kale zenye dari za boriti hazibebi uzito huo popote utakapo. Pata mhandisi aangalie kwanza.

Ni kweli zamani waliweka samaki ndani?

Kweli kabisa, na ni katika mambo mazuri ambayo Waswahili wamebuni nyumbani. Samaki wadogo walifugwa birikani wale viluwiluwi vya mbu. Katika nyumba kongwe za Lamu, sakafuni mwa birika hujengewa bakuli la kauri ya Kichina, mdomo juu. Maji yakichotwa mpaka yakaisha, bakuli linabaki limejaa, na samaki hujificha humo hadi birika litiwe maji tena. Mtu akilitazama leo huona pambo tu, na kweli linapendeza, lakini kazi yake ilikuwa kuokoa uhai wa samaki siku ya ukame.

Naweza kufuga samaki birikani leo?

Unaweza, kwa masharti. Samaki wadogo wa aina ya gapi ndio rahisi; wawili kwa kila lita 200 wanatosha. Wakizidi, kinyesi chao kitachafua maji.

Huwa wanakufa kwa mambo matatu. La kwanza ni klorini: maji mapya ya mfereji yakiingia yote kwa pamoja yanaua. Badilisha theluthi moja tu kwa wakati, au yaache maji kwenye pipa lililo wazi siku nzima kabla ya kuyatia. La pili ni sabuni. La tatu ni saruji mpya, ambayo hutoa ukali wa chokaa majini; birika jipya lijazwe, liachwe siku mbili, limwagwe, na hivyo mara tatu, ndipo waingie samaki.

Udhu haudhuriki kwa samaki. Hata akifa humo, mzoga wa samaki ni tohara, yaani si najisi. Mtoe mapema kwa sababu ya harufu.

Sina samaki. Nizuie mbu vipi?

Hili tunalishikilia kuliko mengine yote. Mombasa imepatwa na milipuko ya dengi, ikiwemo ya mwaka 2013 na 2017, na mbu anayeieneza, Aedes aegypti, hapendi mtaro mchafu. Anapenda maji safi yaliyotulia kivulini karibu na watu, na birika lisilofunikwa linampa yote hayo.

Wengi hukosea kwenye mayai. Mbu huyu hayatagi juu ya maji. Huyagandisha ukutani, kidogo juu ya mstari wa maji. Mayai hukaa makavu kwa miezi bila kufa, na siku maji yakipanda tena yanaanguliwa. Kwa hiyo kumwaga maji pekee hakusaidii. Ukimwaga Jumatatu na kujaza Jumanne, umeyanywesha tu. Lazima kuta zisuguliwe kwa brashi ngumu, hasa ule utepe wa sentimita 10 juu na chini ya mstari wa maji, kona nne na nyuma ya bomba. Fanya hivyo kila wiki, kwani kwa joto letu yai hufika kuwa mbu mzima kwa siku 7 hadi 10.

Kisha funika. Kifuniko cha vipande viwili ni bora, ufungue kimoja unapochota. Kisiache mwanya, na tundu la kumwagikia lizibwe kwa wavu wa mbu.

Kifuniko hicho hicho ndicho kinga ya mtoto. Anayetambaa au kuanza kutembea huweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu. Usiache kigoda wala ndoo ya kupandia karibu na birika.

Nilisafishe vipi bila kupoteza maji mengi?

Usubiri siku ya maji. Kuanzia siku mbili kabla, usiongeze; tumia mpaka zibaki lita chache. Hizo za mwisho zitumie kusugulia, kisha kupigia deki na kumwagia chooni.

Baada ya kusugua, changanya sehemu moja ya jiki na sehemu tisa za maji, paka kuta na sakafu kwa sponji, mlango ukiwa wazi. Acha nusu saa, suuza mara mbili, ziba, jaza. Samaki wakae kwenye ndoo yenye maji yaleyale ya zamani mpaka umalize kusuuza na kujaza, na maji mapya yakae wazi siku nzima klorini iishe.

Likiwa limeingiwa na maji ya mafuriko au mnyama amefia humo, dawa ya kupaka haitoshi. Lisugue, lijaze pomoni, tia jiki, liache saa 12, kisha mwaga. Kiasi hutegemea nguvu iliyoandikwa kwenye chupa: ya asilimia 5, mililita 720 kwa birika la lita 720, ya asilimia 3.5, lita moja na ushei.

Ukoko mweupe unatoka vipi?

Huo ni chokaa ya maji. Visima vingi vya kisiwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake ni mazito, tena mara nyingi yana chumvi. Kwenye vigae, siki ya kupasha moto kidogo au ndimu hutosha: paka, ngoja dakika 20, sugua, suuza.

Lakini kama birika lako ni la zamani, la plasta ya chokaa, usitie siki, ndimu wala dawa yoyote ya asidi. Ukoko na plasta ni kitu kimoja. Asidi inayokula huu inakula na ile. Hapo ni brashi na subira.

Na kamwe usichanganye jiki na siki au dawa ya asidi ya kusafishia vyoo. Hutoka hewa ya klorini inayochoma mapafu, na choo chenye kidirisha kimoja hakina pa kuipeleka.

Maji yanapungua. Birika linavuja au yanakauka?

Jaza, weka alama ya penseli kwenye mstari wa maji. Weka ndoo iliyojaa kando yake, nayo itie alama. Vyote viwili viache wazi bila kuguswa saa 24. Ndoo haivuji, basi ilichopungua ndicho kilichokwenda na hewa, pengine milimita mbili au tatu. Birika likipungua zaidi ya ndoo, linavuja. Kwa vipimo tulivyotaja, kila milimita 10 ni karibu lita 10.

Ukithibitisha, liache lishuke lenyewe. Mahali maji yanapokoma kushuka ndipo ufa ulipo, au juu yake kidogo. Yakiisha kabisa, anza na kizibo: mara nyingi ni mpira uliokakamaa, na ni kazi ya dakika tano. Baada ya kizibo, angalia linapopita bomba ukutani, halafu pembe ya sakafu na ukuta. Hizo pembe huvuja kwa sababu fundi aliziacha kali. Zinatakiwa zizungushwe kwa mkunjo wa saruji kabla ya plasta.

Birika la saruji lipigwe plasta gani?

Saruji moja kwa mchanga tatu, tabaka mbili za milimita 10 hadi 12, la pili kabla la kwanza halijakauka kabisa, kisha uji wa saruji tupu upakwe na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufuoni una chumvi: hula nondo na hutoa maua meupe ukutani mwaka baada ya mwaka. Plasta iwekwe maji siku saba mfululizo chini ya magunia. Wanaoikausha haraka ili wapige vigae kesho yake ndio wanaoita fundi tena baada ya miezi.

Nina birika la kale la mawe ya matumbawe. Niligongee saruji?

Hapana, tafadhali. Jiwe la matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Saruji ngumu juu yake hufunga unyevu ndani, chumvi hujikusanya nyuma, na baada ya misimu michache plasta huanguka ikiwa imeng'oa na uso wa jiwe. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimepoteza kuta kwa namna hiyo.

Ondoa iliyolegea tu, piga kwa kidole usikilize inapolia tupu. Brashi vumbi, lowesha jiwe. Changanya chokaa iliyoloweshwa sehemu moja, unga wa matofali ya kuchomwa au vigae vya udongo sehemu moja, na mchanga wa mtoni sehemu mbili. Unga huo ndio unaoiwezesha chokaa kushika mahali penye maji. Chokaa peke yake hukauka kwa hewa na itabaki laini. Paka tabaka nyembamba, zisizidi milimita 10, ukingoja siku kadhaa kati ya moja na nyingine, na kila moja uikandamize kwa mwiko mpaka ing'ae. Funika kwa gunia bichi. Usitie maji kabla ya wiki nne.

Kata gani inafaa?

Ya kifuu cha nazi yenye mpini wa mti bado ni nzuri: nyepesi, huelea, haikwaruzi plasta. Itundikwe ikauke, isiachwe ikielea humo, maana mpini huoza na kuacha utelezi. Ya plastiki haina ubaya. Ya bati lenye ukingo mkali iepuke kwenye birika la chokaa. Kila kuchota kunaparua, na palipoparuliwa ndipo ukungu huanzia.